Laptopu Inachemka, Inajikokota

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

 Msikilizaji wetu wa hapa Kakuma na Kalobeyei, kipindi cha leo ni chako wewe mwenye laptopu, au unayetumia ile moja ya kikundi mnayopokezana watu kumi.

Jirani yangu anasoma chuo kwa njia ya mtandao. Wiki mbili kabla ya mtihani, laptopu yake ikawa inazima yenyewe kila ikifika saa nane mchana. Fundi mmoja aliitazama juu juu, akasema bodi imekufa. Bei aliyotaja ilimfanya dada yule aanze kutafuta mnunuzi wa simu yake. Nikamuuliza: asubuhi inafanyaje? Akasema asubuhi haina shida.

Hapo ndipo pa kuanzia, ndugu yangu. Laptopu inayokwenda vizuri asubuhi na kulegea jua likipanda, mara nyingi imezidiwa na joto. Prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote, hutoa joto wakati wote wa kazi. Bomba la shaba hulibeba joto hilo hadi kwenye vipande vyembamba vya chuma, na feni huvipuliza. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Likizidi tena, mashine hujizima. Kwa hiyo kujikokota na kuchemka vinaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Weka kiganja pale hewa inapotokea. Feni ikipiga kelele na hewa ikawa hafifu, njia imeziba. Na hapa kwetu, upepo ukivuma, nani hajui kilichoziba? Tulipofungua ile laptopu ya jirani tulikuta zulia la vumbi na nywele kati ya feni na vile vipande vya chuma. Tulilitoa kwa kibano. Mtihani aliufanyia humo humo.

Ukitaka kusafisha, zima kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja, na betri kama ni ya kuchomolewa. Zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi laini iliyokauka. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi; upepo wake ni mkali na huweza kuja na maji na mafuta. Kama kufungua hukuwezi, mpe fundi ufunguzi tu, ukae pale pale utazame. Mwambie abadilishe na ile grisi iliyo juu ya prosesa, maana hukauka ikishakaa miaka.

Na godoro! Wengi tunaiweka laptopu juu ya blanketi, wakati matundu ya kuvuta hewa yako chini yake. Iweke kwenye ubao au sinia, nyuma uiinue kwa vifuniko viwili vya soda. Isikae karibu na ukuta wa mabati ulioshika jua.

Sasa, kama inajikokota hata alfajiri ikiwa baridi, vumbi usilisingizie. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu inakula nini. Kumbukumbu ikiwa imejaa, funga kurasa za intaneti usizozitumia; mashine ya gigabaiti 4 haibebi kurasa ishirini. Zuia pia programu zinazojiwasha zenyewe, na usiweke antivairasi mbili. Diski ikijaa filamu hadi ukingoni, hamisha nyingine. Na kama diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD ndiyo pesa ninayoweza kukushauri utoe. Nakili kazi zako kwanza.

[Kimya kifupi]

Hili lifuatalo naomba mama na baba mlisikie pia. Betri huvimba. Utaona kifuniko cha chini kimetuna kama andazi, au ile sehemu ya kuelekeza mshale kwa kidole imepanda na haibonyezeki. Usichaji tena, hata dakika tano za kumalizia kazi. Usiitoboe, usiikandamize irudi. Inaweza kushika moto, na nyumba zetu nyingi zina turubai. Izime, itoe nje mbali na kitu kinachoungua, mahali watoto hawafiki, kisha muite fundi aitoe. Usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa.

Ukiwa na swali, liandike kwenye karatasi ulilete hapa studio, utaje laptopu ni ya aina gani na tatizo huanza saa ngapi. Wiki ijayo tutafungua chaja.

[Muziki unapanda]