Kuta za Bagamoyo na lipu isiyopumua

Ukipita Mtaa wa India, Bagamoyo, tazama kuta kuanzia usawa wa goti kushuka chini. Lipu ya saruji imebanduka, tena imeondoka na ganda la jiwe. Pamebaki unga mweupe, ukiuonja, chumvi. Kando yake kipande cha lipu ya kale kimeng'ang'ania. Kwa nini kipya kife kabla ya kikongwe?

Fundi mmoja wa chokaa, mzee aliyeanza kazi akiwa saidia fundi, haoni ajabu. Jiwe la matumbawe, anasema, hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia maji yatoke, saruji huyafungia. Chumvi ikikaukia ndani, hulimega jiwe punje kwa punje.

Basi akaanza kueleza tanuri la kuchomea chokaa, na hapo hakukatizika. Magogo ya minazi na miembe hupangwa duara, na mikoko ilipopatikana ilipendwa kwa moto wake mkali. Katikati huachwa tundu la kuwashia. Matumbawe hurundikwa juu, moto ukawaka mpaka usiku uishe. Jiwe lililoiva hujulikana kwa mkono: limekuwa jepesi mno. Likimwagiwa maji hufoka, hufura, hutoa mvuke na kusambaratika kuwa unga. Wenyewe husema chokaa imezimwa, lakini haiaminiki bado. Ikipigwa ukutani mapema hutoa malengelenge. Hufunikwa ikomae, wiki hata miezi, ndipo ichanganywe na mchanga.

Misikiti na makaburi ya Kaole, kusini kidogo mwa mji, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa. Hata Boma la Wajerumani la 1897 halikuacha mtindo huo.

Kinachonikera ni hiki: saruji nayo ni jiwe la pwani hii hii. Kiwanda cha Wazo Hill, pale Tegeta, kinachimba mawe ya matumbawe ya kale tangu miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba mfuko uko dukani leo, na lipu yake inakauka kesho.

Kwa upande mwingine, mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na hakuna mwenye akili atakayetaka miamba hai ya baharini ing'olewe ili kupaka nyumba. Mji nao unatakiwa uhifadhiwe: Bagamoyo imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Je, tunahifadhi ukuta au msitu uliouzaa?

Fundi halipendi swali hilo. Miembe iliyozeeka inatosha kwa kuni, anasema, na mawe ya zamani yamejaa kwenye magofu ya watu. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia miezi ya kungoja. Ni nani huyo? Mwenye nyumba anataka wapangaji wahamie kabla ya masika.