UKIENDA KUPIGWA KISU, JINA PEKE YAKE HALITOSHI!

Msomaji wangu, hebu simama katikati ya stendi ya Mbagala Rangi Tatu uite "Juma!" kwa sauti. Utashangaa watageuka wangapi. Pale stendi ni kichekesho tu. Lakini nesi akiita hivyo hivyo wodini, na aliyeitwa anapelekwa kupasuliwa, kichekesho kinaishia hapo.

Novemba 2007 jiji hili lilitikisika. Kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile ambayo wengi tunaiita MOI, walilazwa vijana wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja aliumia goti kwenye ajali ya pikipiki. Mwenzake alikuwa na matatizo ya kichwa. Kilichofuata watu hawakuamini masikio yao: wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti! Wa kichwa akafariki dunia. Wa goti akapelekwa India kutibiwa madhara ya upasuaji ambao hakuuhitaji.

Tangu hapo, ukimwambia mtu wa Tandika au Manzese kwamba mguu wake unataka kisu, atakutajia wajina hao wawili, kisha atakwambia afadhali abaki na gongo lake. Namwelewa. Lakini tuangalie kosa lenyewe lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye ncha ya kisu. Lilitokea kabla kisu hakijashikwa, pale ambapo mtu, faili na kiungo vilitakiwa vihakikiwe kwa pamoja. Na dawa ya kosa la namna hiyo ipo, tena ni ya bei poa.

KARATASI MOJA YA IFAKARA

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika kila upasuaji. Karatasi moja tu! Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani. Humo zimo London, Toronto na New Delhi, na humo humo imo Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo yakatangazwa Januari 2009: kabla ya orodha, walikuwa wakifariki wagonjwa 15 katika kila 1,000. Baada ya orodha wakawa 8. Wanaopata madhara nao wakashuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7.

Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa mabilioni. Watu waliulizana tu, kwa sauti, mara tatu.

Mara ya kwanza ni kabla ya nusu kaputi. Mgonjwa mwenyewe, akiwa macho, anataja jina lake, anachofanyiwa na sehemu inayopasuliwa. Sehemu hiyo iwe imeshachorwa alama. Mara ya pili ni kabla ngozi haijaguswa. Wote waliomo chumbani wanasimama kidogo, wanamtaja mgonjwa tena, wanahakikisha dawa ya kuzuia vijidudu imeshaingia ndani ya saa moja iliyopita na picha ya eksirei imetundikwa. Mara ya tatu ni kabla mgonjwa hajatolewa. Wanahesabu vifaa, sindano na vitambaa, kisije kikabaki kitu tumboni au pajani.

Kwenye mifupa jambo hili ni zito maradufu, kwa sababu Mungu katuumba na magoti mawili, nyonga mbili na mgongo wenye pingili zinazofanana kama shanga. Mtu anaweza akawa mgonjwa sahihi, lakini goti likawa la upande wa pili. Ndiyo maana kwenye mgongo daktari hupiga picha kuhesabu pingili kabla ya kugusa kitu.

UTAPONA KWELI?

Wengi wanadhani nyonga za bandia ni za wazee tu. Thubutu! Ugonjwa wa siko seli unaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kijana kabisa, kikaanza kumomonyoka. Wengine ni bodaboda ndiyo iliyowamaliza.

Habari njema ni kwamba viungo hivi hudumu. Uchunguzi uliotoka mwaka 2019, kwa kumbukumbu za nchi zilizoendelea, ulionyesha kwamba baada ya miaka 25 nyonga za bandia 58 katika kila 100 zilikuwa bado zinafanya kazi. Magoti kamili yalikuwa 82. Lakini kijana, piga hesabu: ukiwekewa ukiwa na miaka 22, huenda siku moja ukarudi kubadilishiwa.

Na hatari zipo, tusidanganyane. Kidonda kinaweza kuingiwa na vijidudu, damu inaweza kuganda mguuni, na kwenye mgongo mishipa ya fahamu inaweza kuguswa. Sukari isiyodhibitiwa inaongeza hatari. Sigara nayo inachelewesha kidonda kufunga, kwa hiyo mvutaji aache angalau wiki nne kabla.

ULIZA, USIONE HAYA

Sisi Wabongo tukifika mbele ya daktari tunakuwa wapole kama tuko mbele ya mkwe. "Sawa dokta, sawa dokta," basi. Kumbe hata wewe una kazi yako.

Taja majina yako yote matatu, hata kama umeshaulizwa mara tano. Ukiulizwa tena, usinune. Hapo ndipo unapolindwa. Hakikisha alama imechorwa upande unaouma. Sema dawa zinazokudhuru. Muulize daktari: nisipopasuliwa itakuwaje? Upasuaji wa aina hii mnaufanya mara ngapi? Nitaanza kutembea lini, na mazoezi nitafanyia wapi? Fomu ya kukubali usiisaini kama hujaielewa. Na nenda na ndugu mwenye mdomo, yule shangazi asiyenyamaza. Nyumbani anakera, lakini wodini ni mlinzi.

Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Akichukia, una haki ya kutafuta ushauri wa daktari bingwa mwingine kabla hujapanda kitandani.

Vijana wale wawili walichangia jina. Majina Bongo tutaendelea kuchangia, akina Juma na akina Neema hawaishi leo. Goti lako, hata hivyo, huchangii na mtu. Lisemee ungali macho, maana nusu kaputi ikishaingia huna mdomo tena.