Unguja wakati wa masika

Pasaka huangukia Machi au Aprili, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko miezi yote Unguja. Ndiyo maana familia nyingi za bara, zikishapata likizo na kuona bei za hoteli zimeshuka, hubaki zikisitasita. Swali lao huwa ni kama mvua itanyesha. Itanyesha. Linalofaa kuulizwa ni upepo umefika wapi, na maji yakishaanguka yanakwenda wapi.

Jua la utosi huvuka ikweta mwezi Machi likielekea kaskazini, na ukanda mkubwa wa mawingu unaoizunguka dunia hulifuata nyuma. Wakati huo upepo wa kaskazi umekwisha nguvu na wa kusi haujashika. Ndiyo maleleji, ambayo wengine huyaita tangambili. Hewa yenye unyevu kutoka pande zote mbili hukutana juu ya pwani yetu, na kwa kuwa haina pa kwenda, hupanda juu, hupoa na kuwa mvua. Aprili peke yake huleta, kwa wastani, zaidi ya milimita 300, yaani zaidi ya nusu ya mvua ambayo Dodoma huipata kwa mwaka mzima. Hata hivyo haimiminiki mchana kutwa. Mara nyingi hushuka kwa kishindo usiku wa manane au alfajiri, kisha mchana jua likatoka. Ndege ya asubuhi ina nafasi kubwa ya kuchelewa kuliko ya alasiri.

Wengi huogopa zaidi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwa boti. Hapa ningependa wasafiri waelewe jambo moja vizuri: bahari huchafuka kwa upepo. Mvua kubwa isiyo na upepo huziba macho ya nahodha, lakini haiinui mawimbi. Ajali mbili kubwa za meli hazikutokea masika. MV Spice Islander, iliyokuwa imebeba watu kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, upepo ukiwa mkali. Hiyo ni miezi ya kusi, ambayo watalii huisifu kwa ukavu na ubaridi wake. Kwa hiyo anayekuja Julai anahitaji kusikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa makini kama anayekuja Aprili, na chombo kikizuiwa kuondoka asinung'unike.

Masika yana hatari yake moja ya baharini, nayo ni adimu: kimbunga. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huhitaji mzunguko wa dunia uvipe msokoto, na msokoto huo hudhoofika kadiri unavyokaribia ikweta. Ndiyo sababu vingi huishia Msumbiji na Madagaska. Lakini Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na meli za Sultani bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya nacho kilifika Mafia, na safari za boti za Zanzibar zikasitishwa.

Nchi kavu, kisiwa kina tabia mbili. Magharibi, upande wa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, udongo ni mzito na mvua ni nyingi zaidi. Njia za shambani huwa tope tupu. Mashariki na kusini, kuanzia Michamvi kupitia Paje na Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni maweni. Maji huzama kwenye nyufa za mawe ya matumbawe, na saa chache baada ya mvua unatembea bila kuchafua viatu. Mwenye kuja na watoto wakati wa masika ningemshauri akae huko. Akifika ataona pia wanaoumia kweli na msimu huu: akina mama wanaolima mwani, ambao bila jua hawana namna ya kuukausha.

Mjini, tazama kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua, na maji yakijaa, mitaro ya mji inayoishia baharini haipati pa kumwaga. Mvua ikishuka saa hiyo hiyo, mitaa ya mabondeni upande wa Ng'ambo hujaa maji yaliyochanganyika na ya vyoo. Usiyakanyage, na maji ya kunywa yachemshwe. Mbu huongezeka wiki chache baada ya mvua kushika, kwa hiyo anayekuja Mei achukulie chandarua kwa uzito zaidi kuliko anayekuja mwishoni mwa Machi.

Hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo, basi piga simu kabla ya kulipa. Msitu wa Jozani hauna haja ya kusubiri kiangazi: kima punju wapo mwaka mzima na miti huwa kijani kibichi. Ila aliyepanga kupiga mbizi kwenye kisiwa cha Mnemba aahirishe. Maji ya mvua huitia bahari ukungu, na kwa gharama ya safari ile ni bora asubiri kaskazi.