Umeme Umerudi, Muziki Haukurudi

Hapa mtaani kwetu Makiso mtu anajua umeme umerudi kabla hata hajaangalia taa. Kelele za watoto zinapanda kutoka lupango hadi lupango, yaani ua hadi ua, friji zinaanza kunguruma, bafle, spika kubwa za jirani, zinaamka. Jioni moja saa kama hiyo ilinikuta nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, si mbali na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire. Taa iliwaka, feni ikazunguka. Kompyuta yake ndogo, Raspberry Pi 3 iliyowekwa nyuma ya ampli, iliwasha taa yake nyekundu ikanyamaza.

“Unaona, mwanangu? Ni vile vile,” aliniambia. “Vijana wamekwisha kuingiza Linux upya mara tatu. Kila mara inaimba wiki moja, halafu inakufa.”

“Usiwaruhusu kuingiza mara ya nne, Papa,” nilimjibu. “Kwanza tuiulize mashine inaumwa nini.”

Ndani ya diski iliyounganishwa na kompyuta ile mna nyimbo za bendi za OK Jazz na Afrisa alizozikusanya tangu ujana wake. Mna pia kanda za kwaya ya parokia na za arusi ya dada yake, alizozirekodi mwenyewe na baadaye kuzihamishia kwenye diski. Nyimbo za OK Jazz zinapatikana hata kwingine. Zile za kwaya hazipo popote duniani isipokuwa ndani ya diski ile. Ndiyo sababu nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Niseme kwanza mashine za namna hii zinafanya nini, maana zinazidi kuonekana majumbani. Kwetu intaneti ya simu inanunuliwa kwa megabaiti. Rumba ya dakika 10 yenye ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 10, na ukiisikiliza tena kwenye mtandao unalipa tena. Ukiwa nayo kwenye diski nyumbani, unaisikiliza mara mia bila kulipa chochote. Kompyuta ndogo ya Linux inabeba diski hiyo, programu kama MPD inapanga nyimbo na kuzipeleka kwenye ampli, na simu inakuwa rimoti kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Haina skrini wala kibodi. Ikiharibika, basi, haina pa kulalamikia, na mwenyewe anaona ukimya tu.

Niliunganisha kompyuta yangu kwa kebo ya mtandao, nikaingia kwa ssh, nikaandika amri moja: vcgencmd get_throttled. Jibu lilikuwa 0x50005.

Namba hiyo inasomeka kirahisi. Tano ya kulia inasema: sasa hivi umeme unaonifikia ni hafifu, na nimelazimika kupunguza kasi. Tano ya kushoto inasema: yamenipata hayo hayo tangu niwashwe. Mashine yenye afya inajibu 0x0. Ukiona 0x50000, maana yake kwa sasa mambo ni shwari, lakini umeme ulishuka wakati fulani, labda pale diski ilipoanza kuzunguka.

Raspberry Pi 3 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 2.5. Pi 4 inataka ampea 3. Volti ikishuka chini ya 4.63, mashine inahesabu kwamba ina njaa. Papa alikuwa na chaja nzuri, na hilo ndilo lililowapoteza vijana. Walipima kwenye chaja wakakuta 5.1, wakaiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Hawakupima upande wa pili wa kebo.

Kebo nyembamba za simu, zile zinazouzwa kwa bei ndogo kando ya barabara, zina nyuzi chache za shaba ndani ya mpira mwingi. Kebo ya mita 1 ya namna hiyo, ukijumlisha waya wa kwenda na wa kurudi, inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.4. Pi ikiwa na diski ya USB inavuta ampea 1.5 bila shida. Zidisha: volti 0.6 zinapotelea njiani, na kwenye mashine zinafika 4.5. Simu haidhuriki na upungufu huo, itachelewa kujaa tu. Kompyuta inayoandika kwenye kadi ya kumbukumbu saa hiyo hiyo inadhurika. Inaandika nusu ya habari, nusu inapotea, na kadi inaanza kuoza kutoka ndani.

Ndiyo maana kuingiza Linux upya kulionekana kuwa dawa. Mfumo mpya unakuwa mzima mpaka siku volti itakaposhuka katikati ya kuandika. Vijana waliosha kidonda mara tatu, mwiba wakauacha ndani. Tena kila walipofuta kadi walifuta na kumbukumbu za mashine, ambamo maneno “Under-voltage detected” yalikuwa yameandikwa tena na tena. Mtu akiniletea mashine iliyonyamaza, ombi langu la kwanza ni hili: usifute kitu kabla ya kusoma dmesg na journalctl. Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Tulibadilisha kebo, tukaweka fupi na nene, na diski tukaipa umeme wake kupitia habu yenye chaja yake. Jibu likawa 0x0. Kadi niliibadilisha pia, na hiyo mpya niliijaribu kwanza kwa f3write na f3read, programu zinazojaza kadi nzima kisha kusoma tena kilichoandikwa. Kadi za bandia zipo tele: nje zimechapishwa gigabaiti 64, ndani hazifiki hata nusu.

Suala la kebo lilikwisha, lakini umeme wenyewe bado utakatika. Mji wetu unapata umeme kutoka maporomoko ya mto Tshopo, kwenye bwawa lililojengwa zama za Wabelgiji, na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, tumekwisha kuizoea. Mashine ya hapa lazima ipangwe kwa kujua kwamba itazimwa ghafla bila kuagwa. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya haisemi hivyo. Inasema “zima kwa utaratibu”, kana kwamba mwenye nyumba ndiye anayechagua saa.

Kwa hiyo nafanya hivi. Kwenye programu ya raspi-config kuna chaguo la kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Kila kinachoandikwa kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda na kupotea mashine ikizimwa. Umeme ukikatika hapo hakuna cha kuharibika kwenye kadi. Anayeanza upya atumie piCorePlayer, ambayo tangu mwanzo inajipakia yote kwenye kumbukumbu ya muda. Kwa wanaotumia MPD kuna mtego mmoja: ukiifunga kadi isiandikwe, orodha ya nyimbo ya MPD nayo itapotea kila umeme ukikatika, na utajiuliza kwa nini albamu uliyoongeza jana haionekani. Ihamishie orodha hiyo kwenye diski ya muziki. Diski yenyewe iwe ya ext4, maana ext4 inaweka daftari la mabadiliko na kujirekebisha baada ya kukatikiwa. Diski za NTFS na exFAT zilizotoka kwenye kompyuta za Windows mara nyingi zinaamka zikikataa kuandikwa, au zikikataa kufunguka kabisa.

Neno jingine dogo linaokoa watu wengi: nofail. Linaandikwa kwenye faili la /etc/fstab, kwenye mstari wa diski. Bila neno hilo, umeme ukirudi na diski ikachelewa kuamka au ikiwa imechomolewa, Linux inaisubiri sekunde 90, kisha inaingia katika hali ya dharura na kungoja mtu aje na kibodi. Kibodi hakuna. Mwenyewe anaona taa inawaka na mashine haipatikani kwenye mtandao, anasema imekufa. Haijakufa, inasubiri.

Kuna na suala la saa. Raspberry Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani inayoweza kuunganishwa na betri. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, mashine isiyo na intaneti itaamini bado ni saa mbili usiku. Baada ya kukatikiwa hivyo mara chache inakuwa nyuma kwa siku nzima. Muziki hautajali, ila tarehe za kumbukumbu zitakuongopea unapotafuta chanzo cha tatizo, na siku utakayounganisha intaneti, programu ya apt inaweza kukataa kusasisha kwa madai kwamba faili zimetoka siku za usoni. Kipande cha DS3231 chenye betri ya kidonge kinamaliza jambo hilo.

Baada ya umeme ndipo nafuata njia ya sauti, na naifuata kutoka mwisho kuja mwanzo. Naandika speaker-test -c 2 -t wav. Ikisikika sauti ya mtu akitaja kushoto na kulia, basi ampli, waya na kadi ya sauti ni vizima, na kosa liko kwenye MPD au kwenye faili. Isiposikika, nafungua alsamixer na kutazama kama chini ya mstari wa sauti kumeandikwa MM, yaani imefungwa. Herufi M inaifungua. Kisha aplay -l inanionyesha kadi za sauti zilizopo. Hapa ndipo kosa lililojificha sana linapopatikana: Linux inazipa kadi namba kwa kadiri zinavyoamka. Jana kadi yako ya USB ilikuwa namba 1, leo HDMI imewahi nafasi hiyo, na muziki unapigwa kwa bidii kwenye televisheni ambayo haipo. Kwenye mpangilio wa MPD usiandike namba, andika jina la kadi.

Kama sauti ipo na nyimbo hazionekani, tazama ruhusa. MPD inafanya kazi kama mtumiaji wake mwenyewe anayeitwa mpd, na mara nyingi hana haki ya kuingia kwenye folda yako ya nyumbani wala kwenye diski uliyoifungua kwa jina lako. Ifungue diski mahali pa wote, kama /srv/muziki, na umpe haki ya kusoma.

Mngurumo kwenye spika nao una hila yake. Tundu la spika la Pi lina sauti hafifu yenye vumbi. Kadi ndogo ya USB inaleta tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Mngurumo ukibaki, iendeshe Pi kwa betri peke yake kwa dakika moja. Ukitoweka, unatoka kwenye chaja, inveta au jenereta, wala hakuna programu itakayouondoa.

Simu inaposema “seva haipatikani” wakati muziki unaendelea kuimba, mara nyingi kosa ni la simu. Android ikiona Wi-Fi ya nyumbani haina intaneti inahamia kimya kimya kwenye data ya mtandao wa simu, na huko Pi haipo. Zima data, au ukubali pale simu inapouliza kama ubaki kwenye Wi-Fi hiyo. Na kwenye ruta iwekee Pi anwani isiyobadilika.

Nilikaa kwa Papa mpaka usiku, na kazi iliyochukua muda zaidi haikuwa ya umeme. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zilitoka kwenye sahani za mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja haukuutosha wimbo, ulikatwa vipande viwili: mwanzo upande A, sebene, yaani sehemu ya gitaa, upande B. Kwenye diski yake vipande hivyo vilikuwa faili mbili, na mashine ilipochagua nyimbo bila mpangilio, sebene ilikuja bila mwimbaji na mwimbaji akaishia hewani. Papa aliteseka na jambo hilo kuliko ule ukimya. Tuliviunganisha vipande kimoja kimoja, tukahifadhi kwa FLAC. FLAC ya wimbo wa dakika 10 inafika megabaiti 60 hivi, ila haiweki kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili kama MP3 inavyofanya. Gitaa sasa linavuka kutoka upande A kwenda upande B bila kusita.

Kwaya ya parokia tuliiacha kwa mwisho. Tuliinakili kwenye diski ya pili, tukafungua faili tatu kutoka kwenye nakala kuhakikisha zinaimba, na asubuhi yake mjukuu wake aliipakia kwenye toleka, baiskeli ya abiria, akaipeleka kwa shangazi yake anayekaa mtaa wa Mangobo, ikalale huko. Msomaji, kama nyumbani kwako kuna sauti ambayo haipo kwingine, ya mzazi, ya arusi, ya kwaya, inakili wiki hii wakati umeme upo, na nakala isilale nyumba moja na ile ya kwanza.