Kufifisha Taa Moja katika Ukanda wa LED

Katika mazoezi ya programu tumeona wanachuo wakifadhaika watakapo kufifisha taa moja tu katika ukanda wa taa za WS2812B. Hutafuta amri ya mwanga, ilhali taa yenyewe haina amri hiyo. Kila taa hupokea namba tatu, za kijani, nyekundu na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Mwanga umo ndani ya namba hizo hizo. Basi rangi ya machungwa yenye nyekundu 200, kijani 80 na buluu 0, hufifia ikiandikwa 100, 40 na 0.

Hapa ndipo kosa huzaliwa. Mwanafunzi huigawa kwa mbili, tena na tena, namba aliyokwisha kuigawa, na programu hutupa baki. Baada ya mara saba nyekundu ni 1 na kijani ni 0. Akizidisha kwa mbili mara saba hupata 128 na 0: taa imekuwa nyekundu, naye huilaumu taa! Tusimkatize upesi, na aliandike jedwali hilo ubaoni kwa mkono wake. Kisha tumwelekeze azihifadhi namba za asili pasipo kuzigusa, na kila mwanga mpya aukokotoe kutoka kwazo.