Hazina iliyopitwa njiani

Kusini mwa Ufaransa, juu ya mlima wenye kimo cha mita 1,200 hivi, yako magofu ya ngome iitwayo Montségur. Wengi hupanda kuyatazama. Wengine, kwa miaka mingi, wamepanda kutafuta hazina.

Mwaka 1243 ngome hiyo ilikuwa kimbilio la Wakathari. Hao walifundisha kuwa ulimwengu unaoonekana ni kazi ya mwovu, jambo lisilopatana na imani yetu kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote, tena vyema. Mwezi Mei jeshi likauzingira mlima. Kumbukumbu za mahojiano ya siku hizo zasema kuwa karibu na Krismasi watu wawili walitoroka na dhahabu, fedha na sarafu nyingi.

Habari hiyo imewakosesha watu usingizi hadi zama zetu. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Otto Rahn alifika huko akiamini kuwa ngome hiyo ilihusika na kikombe cha Karamu ya Mwisho. Hakukipata. Hata kuta zinazosimama leo zilijengwa baada ya vita vile. Ngome ya Wakathari yenyewe haipo tena.

Lakini yako mambo ambayo mtafuta hazina huyapita njiani. Mwanzoni mwa Machi 1244 ngome ilisalimu amri. Waliokuwa ndani wakapewa majuma mawili: atakayeikana imani ya Wakathari atakwenda zake salama, atakayekataa atachomwa moto. Katika siku hizo watu wapatao 20, baadhi yao askari ambao wangeachwa huru, waliomba kupokelewa miongoni mwa wale waliokuwa wakisubiri kifo. Machi 16, zaidi ya watu 200 waliteketezwa. Chini ya mlima iko nguzo ya jiwe ya kuwakumbuka.

Ndugu yangu, hapo tujiulize mambo mawili.

La kwanza, waliowasha moto ule walijiita watetezi wa Kristo. Soma Luka 9:51-56. Wanafunzi walitaka moto ushuke uwaangamize Wasamaria waliowanyima mapokezi, naye Bwana akawakemea. Kosa la fundisho halimpi Mkristo ruhusa ya kumwangamiza aliyekosea. Leo hatuchomi watu kuni, lakini ulimi wetu unamfanyia nini jirani aliyehamia dhehebu lingine? Je, tunamsalimia? Tunakwenda kwenye msiba wake?

La pili, hazina. Katika Mathayo 13:44 mtu aliyeivumbua hazina shambani aliuza vyote alivyokuwa navyo, tena kwa furaha. Wale 20 walikosea katika mafundisho, lakini walijua wanachokithamini kuliko uhai. Sisi tuliopewa Injili kamili tunaweza kusema hivyo? Wapo wanaoshindwa kupoteza hata mteja mmoja kwa ajili ya kusema kweli. Wapo ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya kiwanja alichoacha baba, na kila Jumapili wanaketi kanisa moja.

Huna haja ya sururu wala safari ya Ufaransa. Leo jioni chukua kalamu, andika kitu kimoja ambacho hungekubali kukiachia hata Kristo akikuomba. Hicho ndicho hazina yako kwa sasa, na moyo wako uko hapo. Kipeleke mbele zake kwa maombi.

Jumapili njema.