Kamba Isiyo na Ncha

Hapa Mariakani, nikizungumza na walimu wa sayansi au wauzaji wa dawa, nakutana na kosa lilelile: eti kwa kuwa bakteria hana kiini, DNA yake inaelea ovyo kama nyuzi za makumbi kwenye ndoo ya maji. Kiini hana, kweli. Lakini hilo la kuelea ovyo ni uongo, nami nimechoka kulisikia.

Piga hesabu. DNA ya E. coli ina herufi milioni 4.6. Ukiinyoosha inafika kama milimita 1.5, na seli yenyewe ina urefu wa sehemu mbili tu za elfu ya milimita. Ni kama kushindilia kamba ya mita 750 ndani ya mtungi wa mita moja, kisha kuinakili humohumo bila kuitoa. Bila wasimamizi, haiwezekani.

Nitaeleza makundi mawili ya wasimamizi hao kwa zamu. La kwanza ni jairesi, protini iliyogunduliwa na Martin Gellert na wenzake nchini Marekani mwaka 1976. Ukitaka kuielewa, mtazame mzee anayesokota kamba ya makumbi pajani. Akizidisha msokoto, kamba hujipinda na kujivingirisha yenyewe. Akiachia ncha, hulegea. Kromosomu ya E. coli ni duara, haina ncha ya kuachia. Nyuzi zake mbili zikitenganishwa ili zinakiliwe, msokoto hurundikana mbele mpaka kazi ikwame. Jairesi hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA hiyohiyo kwenye mwanya, kisha huziunga tena.

Sipro, dawa ya kuua bakteria, hupiga hapo hapo. Huishika jairesi ikiwa imeshakata, haijaunga, na bakteria hubaki na DNA iliyovunjika. Badiliko la herufi moja katika jeni ya jairesi laweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu. Ndiyo maana naudhika kuona vidonge vinne vikiuzwa bila cheti cha daktari kwa kila tumbo linalonguruma.

Kundi la pili ni MukBEF, linaloivuta DNA kuwa vitanzi. Jina limetokana na neno la Kijapani mukaku, "bila kiini": mwaka 1991 watafiti wa Japani walieleza kwamba MukB, sehemu ya kundi hilo, ikiharibika, baadhi ya seli huzaliwa tupu, hazina DNA hata kidogo.

Usimamizi wa namna hii haupo kwa E. coli pekee, nami siwezi kukipita kipindupindu. Kiliingia Kenya mwaka 1971, na hadi leo wapo wanaosema kimetumwa na mtu. Hakitumwi. Huja na kinyesi ndani ya maji, na mgonjwa huokolewa na maji yenye chumvi na sukari akipewa mapema, si kwa kafara.

Bakteria wake ana kromosomu mbili: kubwa ya herufi karibu milioni tatu, na ndogo ya karibu milioni moja. Zingeanza kunakiliwa pamoja, ndogo ingemaliza mapema mno. Kumbe ndogo husubiri. Kwenye kromosomu kubwa kuna kipande kifupi kiitwacho crtS. Mashine ya kunakili ikishakipita, ndipo ndogo huanza, na zote mbili humaliza karibu wakati mmoja.